Samaki ya Mbu

Clément alifika kwangu siku ya Mungu, baada ya misa ya pili, anasukuma kinga yake, baiskeli ile ya kazi, kwa mkono. Hakuweza kuipanda, maana nyuma alikuwa amefunga bidoni tatu, makopo makubwa ya maziwa yaliyojaa maji, na kila gurudumu lilipopita juu ya jiwe, maji yaliruka nje yakamlowesha suruali. Maji yale yalinuka. Niliyasikia kabla hajafika kwenye uzio: harufu ya kitambaa cha jikoni kilichosahauliwa siku nne ndani ya ndoo.

Na mimi nilikuwa nimejifunga kitambaa kipya cha kichwa, cha kwanza kisicho cheusi tangu tumzike Alphonse. Nilikuwa nimeoga mara mbili. Nilikuwa nimemngoja mwanaume huyo tangu Jumatano, nikijiambia kwamba simngoji. Akaja ananuka tope.

Alikuwa mtu wa usafi. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake: kupita nyumba kwa nyumba hapa kwenye mtaa wetu unaoitwa Kenya, kuchungulia mapipa ya maji kama hayana watoto wa mbu. Hivyo ndivyo tulivyojuana. Alichungulia pipa langu akaniambia wamo. Nikamwambia ni macho yake. Akachota kwa kikombe, akanionyesha wale wadudu wanavyojikunja na kujikunjua. Alirudi wiki iliyofuata kuona kama nimemwaga. Akarudi na wiki nyingine. Pipa langu lilikuwa safi kuliko kalisi ya Padri, na bado alirudi.

Sebuleni kwake alikuwa na sanduku la kioo, refu kama kitanda cha mtoto, ambalo aliliita akwariumu. Alitaka kufuga ndani yake samaki wadogo wanaokula watoto wa mbu, majirani waje waone na wajifunze. Mimi sikuwa nimeliona, kwa sababu mjane haingii kwa mwanaume asiye na mke. Ndiyo maana aliniletea samaki kwangu. Alisema wako aina tatu, hawawezi kukaa pamoja kwa sababu wanang'atana, basi nichague mimi ni yupi atakaa ndani ya kile kioo.

Hakusema zaidi. Lakini mwanaume akikuomba uchague kitu kitakachokaa sebuleni kwake miaka yote, kuna swali lingine chini ya lile. Mimi nilijua anauliza nini. Yeye alijua kwamba nimejua, kwa sababu alikuwa anaangalia viatu vyake.

Nilitoa mabeseni matatu, tukayaweka uani, na akawamwaga.

Maria Mtakatifu anisamehe, lakini nilitaka kutapika. Wa kwanza alikuwa mrefu kama kiganja na vidole, mgongo wake umejaa mistari ya njano na ya giza inayojipindapinda, kama matumbo ya mbuzi yaliyomwagwa kwenye sinia. Hakuwa na magamba. Ngozi yake ilikuwa tupu, laini, kama ya kitu kilichozaliwa kabla ya siku zake. Jicho moja liliniangalia mimi, lingine likamwangalia Clément. Na mdomoni alikuwa na meno. Sisemi meno ya samaki. Nasema meno mapana, meupe, kama ya mtu anayetaka kucheka.

Wa pili alikuwa kama kiazi kilichooza. Alilala chini ndani ya beseni, rangi ya ini, uso wake wote umegeuzwa kuelekea juu, mdomo unafunguka na kufunga. Clément akaeleza kwamba huyo anajizika mchangani, anabakiza macho na mdomo tu, anangoja mwenzake apite juu yake. Hali kitu kilichokufa.

Wa tatu alikuwa mdogo kama ngumi ya mtoto, mwenye madoa meusi, tumbo lake la chura. Huyo, Clément alisema, ndiye mpole. Anaweza hata kukaa na wenzake. Yule mkubwa, yeye anaendelea kukua mpaka anafika urefu wa mkono mzima, na meno yake yanakua pia, kwa hiyo lazima kila siku umpe konokono avunje, la sivyo meno yanamfunga mdomo anakufa na njaa.

Aliyasema yote hayo kwa furaha. Kisha akaingiza vidole kwenye mfuko wa shati, mfuko uleule ambamo asubuhi alikuwa ameweka kitabu cha misa, akatoa konokono aliyefungwa kwenye karatasi. Akamtupa kwenye beseni la kwanza.

Sauti ile siwezi kuisahau. Kra. Kisha vipande vya gamba vikatoka pembeni mwa mdomo, na ute, na yule samaki akaendelea kutafuna akinitazama. Nilikwenda nyuma ya jiko nikashika ukuta.

Niliporudi, Clément alikuwa amesimama na barua mkononi, uso wake umeanguka kwa kuona nilivyochukizwa. Aliniambia kwamba yeye mwenyewe haelewi. Alikuwa amemwandikia Paulin, rafiki yake anayefanya kazi kwenye meli za mto, akamwomba samaki wadogo. Na Paulin amemtumia mizimu hii, siku nyingi ndani ya meli na ndani ya treni, maji yakibadilishwa kila kituo. Nilimwomba anipe barua. Kusoma najua, Masista wa Baudouinville, kule kwetu ziwani, walinifundisha.

Chini ya maelezo ya tabia na chakula cha kila samaki, Paulin alikuwa ameandika hivi: *Ndugu, uliniambia nikutumie samaki ya mbu. Mbu ni ule mukubwa. Lakini bale babili banafanana naye, sikuyua unataka nani, nimetuma bote. Uchague.*

"Unaona?" Clément akasema. "Samaki mukubwa vile, anamuita mbu. Nazani anakunywaka."

Nilisoma mara ya pili, nikamtambua yule mkubwa, ambaye sikuwa nimemwona tangu utoto, na ndipo kicheko kikanipanda. Nilijaribu kukizuia kwa kiganja, lakini kilitoka puani. Sikuwa nimecheka tangu mazishi. Nilikuwa nimefikiri kwamba Mungu amekichukua kicheko pamoja na Alphonse.

"Kwetu ku ziwa," nikamwambia, "ule samaki jina yake ni mbu. Bavuvi bote banamuita vile. Weye uliomba samaki ya kukula mbu. Paulin amesoma samaki jina yake mbu."

Alitazama barua, akatazama beseni, akatazama barua tena. Halafu akakaa chini, palepale kwenye udongo, na suruali yake ya Dominika, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Victorine," akasema.

Ilikuwa mara ya kwanza. Siku zote aliniita Mama Mado, kwa jina la mtoto wangu, kama inavyopasa. Nilisikia jina langu mdomoni mwake, na nilitazama pembeni haraka, kwenye uzio. Ndivyo nilivyowaona wanakuja.

Mbele alikuwa Adalbert, mdogo wa marehemu mume wangu. Nyuma yake alitembea shangazi yao, mama mzee Marie-Thérèse, na mwavuli wake mweusi. Walikuwa wametoka Kambove kwa treni. Sikuhitaji kuuliza wamefuata nini. Mwaka wa kilio ulikuwa umekwisha siku ya Alhamisi.

Kwao wanasema kupyana: mume akifa, ndugu yake anachukua mjane. Nilikuwa nimekwisha kumwambia Padri kwamba sitaki, na Padri alisema Kanisa haliwezi kunilazimisha. Lakini Mado, mtoto wangu wa miaka minane, ni wa ukoo wa baba yake, na Adalbert alikuwa amenitumia neno wazi: mama akikataa kupyanwa, mtoto atarudi kwa wenyewe. Siku ile Mado alikuwa kwa jirani yangu Angélique, anajifunza katekismu. Nilishukuru kwamba hayupo.

Adalbert alipita karibu na Clément bila kumsalimia, akaketi kwenye kiti cha Alphonse. Hakukiomba. Alilegeza mkanda wa suruali, akacheua, harufu ya kitunguu ikanifikia, na akaanza kuchokoa meno kwa kucha ndefu ya kidole kidogo. Alichokitoa alikiangalia, kisha akakirudisha mdomoni. Wakati wote huo macho yake yalikuwa yanatembea juu yangu, kuanzia kwenye kitambaa cha kichwa kushuka chini, polepole, kama mtu anayechagua nyama kwa mchinjaji. Niliona jinsi atakavyokuwa mbele yangu kila asubuhi ya maisha yangu. Mabeseni yale matatu yalianza kunipendeza.

Shangazi aliketi mkekani. Alisema wamekuja kumaliza jambo, na kwamba yeye ni shahidi. Kisha akamgeukia Adalbert, akamwuliza chakula kiko wapi.

Lazima nieleze. Kwao, siku ya kupyana, mwanaume anakuja na chakula chake, mjane anakipika, na mwanaume anakila kutoka mkononi mwake mbele ya shahidi. Akimaliza kula, mambo yamekwisha: ni mke wake. Lakini Adalbert alikuwa amekuja mikono mitupu. Alisema treni ilimharakisha. Alisema atatuma mtu sokoni. Halafu jicho lake likaangukia mabeseni.

"Na ile ni nini? Mupima-mapipa wa Kasai anauzisha samaki sasa?"

Clément, ambaye kweli kwao ni Kasai, mbali na huku, alijibu kwa heshima, akamwita Baba, ingawa walilingana umri. Alisema ni samaki wa kuangalia tu, si wa kuuza.

"Samaki ya kuangalia," Adalbert akasema. "Shangazi, unasikia? Kwabo bananunuaka nyama ya kuangalia."

Aliinuka, akatumbukiza mkono kwenye beseni la kwanza, akamshika yule mkubwa mkiani na kumwinua juu. Samaki alikoroma. Akaanza kuvimba. Tumbo lilijaa, likawa jeupe, likatokeza miiba, likaendelea kujaa mpaka macho yakasukumwa pembeni, na Adalbert akabaki ameshika mpira unaotazama. Kisha mdomo ukafunguka. Maji yote ya tumboni, pamoja na ute wa konokono, yalimpiga kifuani, kwenye koti na tai.

Shangazi Marie-Thérèse alivuta mwavuli karibu na uso. Niliona mabega yake yanatikisika.

Adalbert alimtupa samaki kwenye beseni. Alivua koti, akajipangusa, na kadiri alivyojipangusa ndivyo ute ulivyoenea. Niliona aibu yake inageuka kuwa hasira, kama nilivyoiona mara nyingi kwake. Akanyoosha kidole.

"Pika ile," akaniambia. "Ile ile. Leo nitaikula ku mukono yako, na shangazi ataona."

Clément alinitazama. Hakujua. Alikuwa amelelewa kutomnyima mgeni chakula, hata mgeni kama yule, na hakujua kabisa. Akasema kwa sauti ndogo, "Baba, uikamate tu. Haina neno."

Mimi nilijua.

Kwetu ziwani, mvuvi akimkuta mbu wavuni, anamtupa. Mbwa hawapewi. Nilikuwa mdogo wakati watoto wawili wa mzee Mulenga walipookota mmoja ufukweni wakachoma na ini lake. Walianza kusema midomo imekufa ganzi, wakacheka. Kisha ulimi. Kisha hawakuweza kusema kitu. Macho yao yalikuwa wazi, wanatusikia, machozi yanawatoka, na kifua kikasimama. Tuliwazika kabla ya kengele ya jioni.

Nilichukua kisu. Mkaa ulikuwa umekwisha kuwaka, mafuta yalikuwa jikoni. Nilipiga magoti mbele ya beseni, na yule samaki alikuwa amejilegeza tena, ngozi ya tumbo inaning'inia kama ya mwanamke mzee. Nilijiambia: sikumwalika. Sikumtafutia samaki. Amejichagulia mwenyewe, mbele ya shahidi. Hakuna mtu hapa anayejua ninachojua. Nitapika kama nilivyoambiwa, na Mado atalala nyumbani.

Nilinyamaza muda wa Salamu Maria moja. Ni mfupi, lakini najua urefu wake, na ule unyamavu niliuungama kwa Padri mara nyingi kuliko dhambi nyingine yoyote. Nilijichukia kuliko nilivyomchukia yule anayechokoa meno.

Kisha nikaona kitu kingine. Nikisema tu kwamba samaki ana sumu, Adalbert ataagiza kuku, na kuku nitampika, na basi, nimekuwa mke wake. Nikisema tu kwamba nakataa, atambeba samaki wake kwa hasira, atapikiwa na mwingine kule Kambove, na atakufa. Ilikuwa lazima niseme yote mawili, na la kwanza liwe lile ambalo lingeweza kuninyang'anya mtoto.

Niliweka kisu chini. Nikasimama.

"Shemeji, sikupikii. Si ile samaki, si kuku, si kitu. Siwezi kuwa bibi yako. Na ile samaki usiikule, hata kwa mutu mwingine. Iko na sumu. Inauaka."

Clément alishika mdomo. Rangi ilimtoka.

Adalbert alicheka kwanza. Akasema sumu ni ya ulimi wangu. Akasema najifanya kama samaki ndiyo sababu, wakati sababu imesimama pale na kinga yake. Alisema atamchukua samaki, atamchukua na mtoto, na mimi nibaki na mapipa yangu. Alisema mengine ambayo siyaandiki.

Shangazi alimwacha amalize. Kisha aliniita nikae mbele yake, akaniuliza sumu iko wapi katika samaki, na nilijuaje. Nilimsimulia watoto wa Mulenga, midomo, ulimi, na kifua. Alisikiliza akinitazama machoni bila kupepesa. Nilifikiri ataniuliza kama nina mwanaume. Hakuuliza.

"Ulikuwa na kisu mu mukono," akasema. "Nilikuona. Ulipiga magoti, ukanyamaza."

"Ndiyo, shangazi."

"Kama ungepika, nani angeyua?"

"Hakuna mutu."

"Na sasa unakataa kupyanwa, na unayua mutoto iko wa nani."

"Ninayua."

Alitikisa kichwa muda mrefu. Halafu akamgeukia Adalbert, na sauti yake haikupanda hata kidogo.

"Mwanamuke mwenye anataka kukutoa mu maisha yake angekupikia. Huyu amekuambia ukweli mbele ya kuyua kama tutamuachia mutoto. Weye umekuya kupyana na mikono ya bule, ukataka kukula samaki ya mwanaume mwingine. Nitasema nini kule kwetu? Kwamba ulitaka kupyana na samaki ya kuazima?"

Adalbert akafungua mdomo. Shangazi akainua kidole kimoja tu.

"Kilio ya Alphonse imekwisha leo. Amekataa, nimesikia, nitapeleka vile nimesikia. Mutoto atabakia kwa mama yake. Ameokoa mukubwa wetu, hatapoteza mudogo wetu. Vaa koti yako, inanuka."

Aliinuka kwa mwavuli wake. Mlangoni mwa uzio alisimama mbele ya Clément, akamtazama kutoka viatu mpaka nywele, na akamwambia kwamba likizo kubwa ikifika, Mado atakuja Kambove kumtembelea, na yeye, mtu wa Kasai, ndiye atakayemfikisha kwenye treni na kumpokea. Clément aliitika kwa kichwa. Wakaenda.

Tulibaki uani. Niliketi mkekani. Clément hakuthubutu kukaribia. Alisema alikuwa amempa mtu kifo kwa adabu, na kwamba hatalala. Alisema atawatupa wote watatu, na kile kioo atakivunja, na sitaona tena hata mkia wa samaki nyumbani kwake. Alikuwa ameanza kumkamata yule mkubwa kwa kopo.

Nilimwambia aache. Sikutaka mwanaume anayeniahidi kuacha kitu anachokipenda. Ahadi kama hiyo inakaa nyumbani na kunung'unika.

"Ule kubwa umurudishe kwa Paulin," nikasema. "Ule wa kiazi pia, sitaki kitu yenye kunichungulia chini ya muchanga. Ule mudogo wa madoa abakie. Kubwa hataenea mu nyumba yetu."

Kopo likasimama hewani.

"Umesema yetu," akasema.

Sikuwa nimekusudia. Nilitazama beseni la tatu. Yule mdogo alikuwa anazunguka na tumbo lake la chura, anafungua mdomo na kufunga, na macho yake mekundu yaligeuka moja huku, moja kule. Bado alinichefua. Nilijua atanichefua kesho, na mwaka kesho.

"Nimesema," nikajibu. "Simupendi ule samaki, Clément. Sitamupenda hata siku moja. Kesho uende kwa Padri, umupe majina yetu ya kuoana, ayasome mu kanisa Dominika tatu."

Alitua kopo. Alinijia akiwa amenyoosha mikono, imejaa ute mpaka kwenye viwiko, na nikarudi nyuma.

"Na sabuni," nikamwambia.

Alikwenda kwenye pipa. Alinawa mara moja, akainusa mikono, akanawa tena mara ya pili na mchanga, halafu mara ya tatu na sabuni, akisugua kati ya kila kidole, mtu mzima, amenipa mgongo, anavuta kamasi kama mtoto. Kisha akageuka, mikono inadondosha maji, akasimama palepale akingoja. Mimi ndiye niliyekwenda.